Swali la Maji Haliachwi Njiani

Tangu nirudi, kila anayepita kibarazani kwangu ananiuliza lile lile: ulikwenda kufanya nini porini, na mbona umerudi mnyamavu hivyo? Nimechoka kumsimulia mmoja mmoja, tena wengine mna mdomo, mnanikatiza kwa mzaha kabla sijafika popote. Basi naandika mara moja, msomeane. Habari za ruhusa na tiketi naziacha, hazina ladha. Jambo moja tu nawaambia mapema: yale maneno matatu ya baba sitayaandika humu. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Isevya, Tabora, nyumbani

Baba yangu, Mzee Feruzi, wote mlimjua. Alikuwa mpagazi wa misafara tangu kabla ya reli, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu ambayo sisi watoto tuliigonga kwa vidole tukicheka. Kabila lake hakututajia hata siku moja. Ukimwuliza, alisema, "Mimi mtu wa njiani." Mama yetu, Mnyamwezi wa Uyui, aliacha kuuliza kabla hatujazaliwa. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, na mama akikasirika tulisikia Kinyamwezi.

Alikuwa na namna yake ya kunywa maji. Aliishika kata, akatikisa midomo bila sauti, akangoja kidogo, ndipo akanywa. Akimaliza aligonga kata kwa ukucha, mara mbili. Sisi tulidhani ni bismillahi yake ndefu tu.

Mimi ni mkalimani wa baraza, nanyi mnajua jinsi nilivyokuwa nikijisifu. Kiswahili, Kinyamwezi, Kisukuma, na Kiingereza cha kumtosha Bwana Shauri, mzungu wa bomani. Nilikuwa nikisema lugha ni kama koti, unavaa hili, unavua lile, mradi usiende uchi mbele ya watu. Nilikuwa nikisema mengi.

Kiangazi kilichopita baba aliangushwa na homa. Homa ilipoondoka, iliondoka na Kiswahili chake. Aliamka asubuhi, dada yangu Zena akamletea maji, akayatazama, akasema maneno matatu ambayo hatukuwahi kuyasikia. Kisha akangoja. Zena akampa kata, baba akafunga meno. Akasema tena yale matatu, akangoja tena, macho yanatuzunguka mmoja mmoja. Hakunywa. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Alipolala Zena alimdondoshea uji mwepesi mdomoni kwa kijiko, na huo ndio uliomweka hai. Lakini maji, akiwa macho, hakugusa. Midomo yake ilipasuka. Niliona aibu kumtazama, mimi mtu wa lugha nne.

Niliwaita Wamanyema wa mjini wamsikilize, nikawaita Waha na Wagogo. Wote walitikisa vichwa. Mzee mmoja tu, mpagazi mwenzake wa zamani, alisikiliza akainama. "Hayo niliyasikia mara moja," alisema. "Njia ya lile pori kavu la Mgunda Mkali, mbele ya Tura. Lakini tulikuwa na kiu, hatukusikiliza."

Zena alinivuta uani. "Kaka, baba haombi. Anayeomba hangoji vile. Anauliza, na kuna jibu lake. Wewe ndiye mkalimani. Nenda ukalilete kabla hajafa na kiu mbele ya mtungi uliojaa."

Nikaenda.

Tabora mpaka Igalula

Igalula si mbali, mnaijua. Kwenye gari la moshi nilikaa na mama mmoja wa Kigogo mwenye kikapu cha karanga. Aliposikia natoka Tabora akaangua kicheko. "Mnyamwezi anapanda gari! Babu yako alikwenda pwani na kurudi kwa miguu, na mzigo kichwani. Nyinyi wa siku hizi mmekuwa mizigo wenyewe." Utani ni dawa, nikamjibu kwamba Mgogo kazi yake ilikuwa kukaa njiani akidai hongo, na naona hakuacha, maana karanga zake kidogo tu na bei kubwa. Tukala pamoja.

Igalula gari lilisimama ili lipewe maji, na hapo likakwama. Kitu fulani kwenye mfereji wa tangi kilikuwa kimeharibika. Tukaambiwa ngojeni kitambo kidogo. Kitambo hicho kilikwisha kesho yake saa nne.

Mtunza tangi anaitwa Maganga, mtu mfupi mwenye fulana iliyokula kutu mpaka imekuwa rangi ya matofali. Alinikaribisha kivulini, akanipa ugali wa mtama na mlenda. Nilimweleza shida yangu, naye akaniambia: "Hapa hupita kila kabila, ndugu yangu. Simama useme kwa sauti. Atakayejua ataitika."

Basi mchana ule, watu wamejaa wakingoja, nilisimama chini ya tangi nikayasema maneno ya baba kwa sauti ya baraza.

Nimezoea watu kunyamaza ninaposema, lakini si vile. Kelele zote zilikatika kwa pamoja. Mtoto aliyekuwa akilia aliacha. Tangi lililokuwa likivuja tone kwa tone, nalo likanyamaza. Hakuna aliyeitika. Halafu tone likaanguka, na watu wakaendelea na mazungumzo yao kama vile hakuna kilichotokea.

Nilikunywa kikombe cha maji ya tangi, nikanywa cha pili. Nilisikia tumbo limejaa, lakini koo likabaki kavu. Nikasema ni vumbi.

Tura

Tura nilifikia kwa shemeji wa Maganga, watu wema sana. Walinipa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, nikala mpaka nikaona haya. Asubuhi niliwafuata wanawake kisimani, kwa sababu baba aliyasema maneno yale mbele ya maji, nikafikiri huenda yanajulikana kwenye maji. Niliwaamkia vizuri, "Mwangaluka," wakaitikia. Nikaeleza. Nikayasema.

Mmoja wao alikuwa amekwisha jaza mtungi. Aliuinamisha polepole akamwaga yote. Wenzake wakafanya hivyo hivyo. Waliondoka mmoja mmoja bila kuniangalia, na mitungi mitupu, na ardhi iliyolowa ikabaki mbele yangu. Walidhani nimeyalaani maji. Nilipiga kelele kwamba sikukusudia neno baya, kwa Kinyamwezi safi kabisa, lakini hakuna aliyegeuka.

Mwenyeji wangu hakunifukuza, ila chakula cha mchana nililetewa peke yangu. Alasiri alikuja mrina asali mmoja, Kapela, kijana wa miraba minne mwenye makovu ya nyuki usoni. Aliketi mbali kidogo nami.

"Wewe ndiye uliyesema kisimani?"

"Ni mimi."

"Usiyaseme tena. Namjua mmoja anayeyasema hayo. Kikongwe, anakaa peke yake ndani ya Mgunda Mkali, safari ya siku mbili. Nikitega mizinga huko hupita mbali, kwa sababu ukimsikia unaona kama unatakiwa ufanye jambo, na hujui jambo gani."

"Nipeleke."

Alinitazama midomo. "Una kiu, bwana mkalimani?"

Nilisema hapana. Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kibuyu kizima.

Njia ya zamani

Njia ya misafara bado ipo. Reli iliiacha kando, nyasi zimeifunika, lakini ukiikanyaga unaijua. Imeshuka chini kama mfereji, kwa nyayo za watu waliopita miaka na miaka na mizigo yao. Nilitembea ndani yake nikifikiri kwamba baba naye amechangia kuichimba. Kapela hakutembea ndani. Alitembea ukingoni, kwenye miiba, na nilipomwuliza alisema huko ndani kumejaa.

Siku ya kwanza tulikula michembe ya viazi na asali. Tulikunywa kibuyu kimoja. Nilimtazama akinywa funda mbili, akafuta mdomo, akawa mtu mpya. Mimi nilikunywa kibuyu hicho hicho mpaka akaninyang'anya. Maji yalipita kooni mwangu kama yanavyopita juu ya jabali, hayakuacha unyevu. Hapo nilianza kuogopa, sitaki kuwaficha.

Siku ya pili, jua la utosini, tukafika kwenye kambi ya zamani. Palikuwa na mafiga meusi ya wapagazi, matatu matatu, mengi, yamepangwa kama vile wapishi wamekwenda kuleta kuni. Kapela alikuwa nyuma akichunguza mzinga. Mimi nikaingiwa na hofu nyingine ya kijinga: kwamba kwa kiu hii nitayasahau maneno. Nikasimama katikati ya mafiga nikayasema ili kuyashika.

Ndege wakanyamaza, na upepo ukasimama. Nilisikia, au niliona tu kwa ngozi yangu, kwamba kila penye mafiga pameketi mtu anayegeuza uso kunitazama, ajue kama nitapata jibu. Hata kivuli hakikuonekana. Ilikuwa mchana kweupe, na mafiga yalikuwa matupu. Lakini miguu yangu ilikataa kwenda mpaka Kapela alipokuja akanishika mkono.

"Umesema tena," aliniambia. "Nimeona mti ulivyonyamaza."

Kutoka hapo ulimi wangu ulianza kuwa mzito. Nilitaka kumwambia Kapela pole kwa kumtisha, na lile neno "pole" nililitafuta muda mrefu.

Kisimani

Kisima chenyewe kimo ndani ya korongo la mchanga, kimezungushiwa mawe yaliyolainishwa na magoti ya watu. Maji yalikuwa karibu, meusi na baridi. Kapela alibaki juu ya korongo. Kando ya kisima aliketi bibi mdogo wa mwili, amejifunga kaniki, ametia ugoro puani. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi, akakohoa tu.

Jamani, mimi ni mtu wa mjini. Isevya tunakwenda bombani, tunafungua, tunajaza, tunagombana na jirani, tunarudi. Na nilikuwa na kiu ya siku nne. Nilipiga magoti nikachovya kibuyu.

Fimbo ikanipata kiganjani, kibuyu kikaruka. Bibi alikuwa amesimama, fimbo juu.

"Na wewe ni wale wale," alisema kwa Kinyamwezi cha kuokoteza. "Mnakuja, mnachota. Hamuulizi."

Mkono uliniuma, machozi yakanitoka, nami sikuwa na neno la kujitetea katika lugha zangu zote nne. Nilikuwa na yale matatu tu. Nikayasema.

Fimbo ilimdondoka. Alikaa chini kama mtu aliyekatwa mishipa ya miguu. Midomo yake ilihangaika kama mlango wa siku nyingi unaosukumwa. Kisha akajibu.

Lilikuwa jibu fupi, maneno mawili. Alichota kwa kata yake mwenyewe akanipa. Nikanywa funda moja, na kiu ikaisha. Nililia, na kulia kwenyewe kulikuwa raha, kwa kuwa machozi yalikuwepo.

Hapo ndipo nilipoona ujinga wa koti langu. Koti ukilivua unabaki mtu. Jibu hili nililopewa lilishuka ndani, likafika mahali palipokuwa pakavu bila mimi kujua pana ukavu, toka nizaliwe. Kiswahili nakipenda, ndicho kilichonilea, lakini nilikinywa kama maji ya bomba, bila kumwuliza mtu.

Bibi naye akachota. Akayasema maneno matatu, akanitazama. Alikuwa akingoja. Nikamjibu, kwa hofu ya mwanafunzi, maneno yake mwenyewe mawili. Akanywa. Alipomaliza akaigonga kata kwa ukucha, mara mbili.

Niliishika ile kata. "Kwa nini umegonga?"

"Ni kusema nimemaliza. Ajaye aje."

Nikamweleza habari za baba. Alisikiliza huku akifinyanga mchanga. Kisha akasema, taratibu, akiokota maneno:

"Kwetu maji hayachotwi kimya. Anayekuja huuliza, aliyepo hujibu. Kila siku mtoto mmoja aliwekwa hapa ajibu, kwa zamu. Maji yasiyoulizwa yanalowesha tu, hayanyweki. Msafara ulikuja siku moja, watu wengi, wana kiu mbaya. Hawakuuliza. Mwenye zamu alikuwa mvulana. Alisimama mbele yao akiwasubiri waulize ili awajibu. Walichota mpaka matope. Walipoondoka, waliondoka naye."

"Na wewe?"

"Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Nikaja kukaa." Akaangalia maji. "Wengine walikufa, wengine walihamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Sijapokewa zamu mpaka leo."

Nilimwomba aje nami Tabora, tutambeba. Alicheka, meno hana. "Nani atajibu hapa?" Halafu akanikazia macho. "Hayo maneno, umeyasema wapi njiani?"

Nikamtajia: kambini, Tura, Igalula. Kila nilipotaja pahali alifumba macho kama mtu anayechomwa mwiba.

"Hukuuliza kwa ajili yako," alisema. "Umebeba swali la baba yako. Kila ulipolitua bila jibu, umemketisha yeye hapo, mdomo wazi, anangoja. Ile kiu yako ilikuwa yake. Rudi ulikopita, ujibu. Swali la maji haliachwi njiani."

"Na nikichelewa nyumbani?"

"Ukiwahi bila kujibu, utamkuta mzee kitandani. Lakini nusu yake iko njiani."

Kurudi

Kambini nilisimama kati ya mafiga nikajibu, maneno mawili. Nilisikia watu wengi wakishusha pumzi. Kapela naye alisikia, maana tangu hapo alishuka ukingoni akatembea nami ndani ya njia.

Tura tulifika mchana. Gari la kwenda Tabora lilikuwa limekwisha piga honi ya mbali, na kisima kiko upande mwingine wa kijiji. Nilisimama njia panda. Nikaenda kisimani. Wanawake walikuwepo, wakashika mitungi yao. Nikajibu. Mwenye mtungi wa kwanza aliinama, akaonja kwa kiganja, akawaambia wenzake, "Yamerudi." Kumbe siku zote zile walikuwa wakinywa bila kukata kiu, wakinitaja kwa majina ninayostahili. Walinicheka, wakanipa uyoga wa kukausha nimpelekee mgonjwa. Gari lilikuwa limeondoka. Lililofuata lilikuwa la baada ya siku mbili.

Siku mbili zile nilizihesabu kwa midomo ya baba. Nilimwona kila nilipofumba macho, na Zena na kijiko chake. Nilijiambia maneno mawili ya jibu asubuhi na jioni, kimoyomoyo, nisije nikayapoteza.

Gari likaja. Likasimama Igalula. Nilikuwa mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi, tangi nalitazama, Maganga ananipungia mkono. Safari hii hawakuchukua maji. Kipenga kililia pale pale. Kutoka mlangoni mpaka chini ya tangi ni hatua sitini, labda sabini. Nikishuka, gari linaniacha, na nimekwisha onja kuachwa. Siku mbili nyingine. Nilifikiri: nusu yake hapa, lakini mwili uko nyumbani, na mwili ndio unaokufa. Nikapaza sauti nikajibu pale pale mlangoni, huku gari linaanza kwenda, na mluzi wa injini ukalia juu ya maneno yangu ukayafunika yote. Hata mimi sikujisikia.

Igalula ilipopotea nyuma, koo langu lilikauka.

Nilikimbia kutoka stesheni mpaka Isevya. Niliona watu wamekaa nje kwenye jamvi. Zena alitoka, hakulia, alikuwa amemaliza.

"Saa ngapi?" nilimwuliza.

"Adhuhuri. Leo hakutuuliza sisi. Aligeukia ukutani, upande wa mashariki, akauliza. Akangoja, kaka. Alingoja sana. Akaanza kutabasamu kama mtu aliyemwona anayemjua anakuja. Halafu tabasamu likamtoka, akafa."

Adhuhuri nilikuwa mlangoni mwa gari, Igalula.

Niliingia nikapiga magoti, nikamjibu sikioni maneno mawili, mara nyingi. Midomo yake ilikuwa mikavu imepasuka, na ikabaki hivyo. Tulipomwosha, maji yalimtiririka yakaenda zake. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo, na mkinikuta kimya ni hilo.

Igalula tena

Tulipomaliza matanga nilipanda gari. Zena alinifungia kata ya baba kwenye kanga, sikumwambia aniwekee.

Maganga alinilaki bila mzaha. Alikuwa amekonda. "Ndugu yangu, heri umekuja. Tangi limetushinda. Mafundi wamelisafisha mara mbili. Maji meupe, hayana harufu, lakini hayakati kiu. Nakunywa mpaka natapika, koo kavu. Na adhuhuri," akapunguza sauti, "adhuhuri tone linasimama. Kila siku. Unaona kabisa kuna mtu anangoja. Siwezi kula hapa tena."

"Tangu lini?"

"Ulipokuja mara ya kwanza niliona ni kiu ya jua tu. Tangu ulipopita ukapaza sauti mlangoni ndiyo imekuwa mbaya."

Ilikuwa karibu saa saba, jua kali, stesheni haina mtu. Nilihesabu zile hatua nikienda. Zilikuwa arobaini na mbili. Hazikufika hata hamsini.

Chini ya tangi palikuwa na baridi. Niliijaza kata nikaiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma kidogo, kwa adabu, kama unavyomwachia mgeni nafasi. Tone likasimama. Sikusikia swali. Nilisikia kule kungoja tu, ambako nilikujua, kule kungoja kwake na kata mkononi, kabla ya kila tonge na baada ya kila swala, miaka yote, sisi tukicheka.

Nikajibu. Taratibu, kwa sauti ya kawaida, kama mtoto mwenye zamu.

Mtu akanywa. Maganga alinishika mkono akanifinya, maana naye alisikia: mafunda marefu, ya mtu aliyetoka mbali, moja baada ya jingine, na pumzi katikati. Kata juu ya jiwe haikusogea. Mafunda yalikwenda, yakaenda, nami nililia wazi, sikujificha.

Halafu kimya. Halafu juu yetu, kwenye chuma cha tangi, ukucha ukagonga mara mbili.

"Nani huyo?" Maganga alinong'ona.

"Baba," nikasema. "Amemaliza."